Ndunge Aliyeifuata Njia ya Kiondo

Mwaka wa njaa, 1984, mvua ilipokataa kunyesha Kalama, Ndunge alikuwa msichana wa darasa la tano. Wenzake walipokimbilia uji wa mahindi ya manjano, yeye alimwuliza mpishi wa shule gunia la mahindi yale limetoka wapi, na limepita mikononi mwa nani hadi kufika jikoni. Mpishi alimwambia anywe kwanza. Alikunywa, kisha akauliza tena.

Kufikia 1999 alikuwa amesomea kompyuta Nairobi na kuajiriwa na ushirika wa wasusi wa viondo, Machakos. Mnunuzi wa ng'ambo alikuwa ameonya: shehena ikichelewa tena, atakwenda kwingine. Mwenyekiti, Mzee Kimeu, aliona dawa ni moja.

"Tutengenezee kompyuta itutajie wavivu," alisema. "Tuanze na Nzilani. Tangu mwaka uanze hajaleta hata kiondo kimoja. Pasaka ikifika, tumfute uanachama."

"Nipe mpaka hiyo Pasaka, Mzee. Kwanza nijue kiondo kinatoka wapi."

"Mtoto wa Kalama hajui kiondo kinatoka wapi?" Kimeu alicheka. "Basi ng'ombe wa baba yako waliuzwa bure kukusomesha."

Ndunge aliifunika kompyuta kwa kitambaa, akachukua kiondo kimoja ghalani, akakipeleka kwa Katunge, ambaye jina lake ndilo lililoandikwa kwenye kiondo hicho. Katunge alimweleza kwamba yeye husuka ubavu tu. Kitako, ambacho ndicho kigumu, huanzwa na Nzilani. Mikanda ya ngozi hushonwa na fundi Mwendwa.

Nzilani alikutwa katikati ya nyuzi za mkonge.

"Mwaitu," Ndunge alimwita, kama Mkamba amwitavyo mama, "mbona hupeleki vyako ofisini?"

"Vyangu gani? Mimi niko na vya kila mtu. Keti, unaniziba mwanga."

Aliketi, akajifunza kuanza kitako. Kisha akaenda kwa Mwendwa, akakuta chumba kimejaa viondo hadi darini. Fundi huyo alikuwa akichonga mawe kwenye machimbo ya Lukenya juma zima, na kushona mikanda Jumamosi tu.

"Mwambie Mzee mvivu amepatikana," Mwendwa alisema. "Anifute, nipate kulala."

Ndunge alimleta Kimeu. Mzee alisimama mlangoni, maana ndani hapakuwa na pa kukanyaga.

"Na tulitaka kumfuta Nzilani," alisema polepole.

Mafundi wengine wawili wa kushona mikanda walipatikana. Hapo ndipo Ndunge alipoifunua kompyuta, akaunda mpango ambamo kiondo hupewa nambari kikiwa kitako, na kila mkono unaokipokea huandikwa jina. Shehena iliondoka mapema, lori likasindikizwa kwa vigelegele mpaka barabara kuu. Nzilani aliletwa ofisini aonyeshwe na kusomewa jina lake, la kwanza katika kila kiondo cha kijiji chake.

"Nisomee tena," alisema.

Mara ya mwisho habari za Ndunge kutufikia ilikuwa Agosti 2006. Wafugaji wa Mwala walikuwa wamemwita awaundie mpango wa kompyuta wa maziwa yao. Alifika asubuhi, akaketi juu ya mtungi mtupu wa maziwa karibu na mikokoteni ya punda iliyoleta maziwa, akamwuliza mwenye punda wa kwanza maziwa yale yametoka wapi.