Filimbi ya Mlinzi wa Magofu

Filimbi ya mlinzi wa magofu, iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, ilimchosha Fotini kuliko jua la Krete. Mtalii akiegemea ukuta, pyuu! Akikalia jiwe, pyuu! Hata Fotini mwenyewe, mtaalamu wa mambo ya kale aliyezifukua kuta hizo kwa brashi, hakusalimika. "Shuka, binti! Hapo ni kwa watu!" Kisha mzee hurudi kwenye kiti chake cha plastiki, akabangua mbegu za maboga na kuyatia maganda mfukoni, moja moja. "Watu gani, mzee?" Fotini alimfokea juzi. "Si walikufa miaka elfu tatu iliyopita?" Mzee akabangua mbegu nyingine.

Jana alasiri, geti likiwa limeshafungwa, Fotini alirudi kuchukua kofia aliyoisahau. Akamkuta mzee peku ndani ya nyumba moja isiyo na paa wala mlango, amechutama, anang'oa magugu kwa vidole. Viatu vyake vilikuwa nje, vimepangwa vizuri kando ya kizingiti. Fotini akasogea akitafuta la kusema, akasimama palepale kizingitini na mabuti yake yenye udongo. Mzee akamtazama miguuni, akaipeleka filimbi mdomoni.