Mpiga Ngoma Asiyejua Kungoja

Fundi cherehani mmoja walimwita Chapuchapu, na jina lilimkaa kama suti ya kupimwa. Alikula amesimama, akajibu maswali kabla hayajaisha. Mkewe alisema posa yenyewe aliileta kabla hajamuuliza mwenyewe kama anamtaka. Methali ile ya haraka na baraka alikuwa ameisikia mpaka inamtoka puani.

Sasa mtu huyo asiyetulia ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi. Wimbo ulianza taratibu, ukifika katikati wenzake wanahema. Shemeji yake, mpiga kinanda na kiongozi wao, akachoka. Akamwambia wazi kwamba wimbo mpya ukiharibika tena kwenye mazoezi ya leo, Jumamosi harusini atapiga mwingine. Na jamani, Chapuchapu aliipenda ngoma kuliko usingizi.

Basi akaja na dawa yake. Alijifunga gotini futi ya kupimia nguo, akaikaza haswa, ili mguu usikimbie. Wakaanza, naye akihesabu moyoni, macho kwenye vijiti, jasho likimtiririka. Hakukimbia hata kidogo. Na bado, kufika ubeti wa pili, mwimbaji akaachwa nyuma na wimbo ukavunjika. Wakarudia, ukavunjika palepale. Wote wakamgeukia yeye, maana lawama za bendi ile zilijua kwake bila kuelekezwa.

Chapuchapu alikuwa na jibu kali mdomoni. Akainua macho amtazame mwimbaji, walaumiane vizuri. Dada huyo alikuwa amemzika mama yake juzijuzi tu. Alirudi mazoezini akisema yuko sawa, nao wakamwamini kwa sababu ilikuwa rahisi. Ubeti wa pili ulimtaja mama. Chapuchapu akaona mabega ya dada wa watu yamepanda na hayashuki. Kumbe pumzi haimpiti, na wao wanamkimbiza! Roho ikamuuma, jibu akalimeza.

Walipoanza tena hakuhesabu kitu, alimtazama yeye tu. Ubeti ukafika, mabega yakapanda. Chapuchapu akazuia kijiti hewani, na kila mshipa mwilini ukimwambia piga, piga. Mpiga besi akasita naye. Shemeji akakunja uso. Kisha mabega yakashuka, Chapuchapu akapiga, na sauti ikatoka, imekwaruza kidogo, ikaenda mpaka mwisho.

Shemeji akakifunika kinanda. Akasema ama kweli huyu ameshindikana: jana alikimbia, leo amechelewa, kwa hiyo ya Jumamosi yaishie hapo.

"Mwache," mwimbaji alisema, akijifuta uso kwa kiganja. "Tangu msibani kila mtu ananiambia nijikaze. Huyu ndiye wa kwanza kuningoja."

Shemeji akakifunua kinanda, akamwambia Chapuchapu aanze yeye.