Chetezo cha Mama Nyuma ya Kamba

Nyumba ile ya mawe ya Likoni ilikuwa na ubaridi wake, hata jua likichoma vipi nje. Mamangu alikuwa akipiga pasi humo kwa memsabu, mwanamke wa Kizungu aliyebaki peke yake na vyumba vingi. Mimi nilisinzia juu ya shuka zenye joto, nikiisikia pasi ya makaa ikienda na kurudi.

Unyevu wa kuta uliingia mpaka kwenye mito. Mama hakuuvumilia. Siku moja alikuja na chetezo chake, akachota kaa kwenye pasi, akatia udi, akazifukiza shuka za memsabu. Lilikuwa kosa: kile kilikuwa chetezo cha arusi. Memsabu alipenda harufu, akaomba kikae chumbani mwake, na mama akaona haya kukataa.

Uhuru ulipokuja, memsabu akaenda kwao. Nyumba ikafanywa ya makumbusho, kila kitu mahali pake, kamba kwenye kila mlango. Mimi nilikuwa nimeshaposwa. Chetezo kile kilimfukiza nyanya, kikamfukiza mama. Sasa zamu yangu. Tulikwenda kukitaka, tukakikuta juu ya meza ya memsabu, na kikaratasi chini yake: "Chetezo cha mwenye nyumba."

"Hicho changu, wallahi," mama alimwambia mlinzi, mtu wa bara mwenye adabu. "Nalipewa na mamangu."

"Naamini, mama. Lakini kimeshaandikwa."

Ati kimeshaandikwa! Mama aliyatazama mapazia, kisha akamgeukia mlinzi.

"Nyumba yaoza kwa unyevu, mwanangu. Nije Alhamisi niifukize?"

Mlinzi alishukuru sana.

Alhamisi mama alikuja na makaa, udi na furushi. Akavuka kamba, akaketi sakafuni. Moshi ulipanda taratibu hata kuta zikapotea, nami nikawa kama niliyelala tena juu ya zile shuka. Ndipo akafungua furushi: nguo yangu ya arusi na leso mbili mpya. Akazifukiza, kisha akanisimamisha juu ya moshi, akanifunika gubigubi. Mlinzi aligeuka, akatazama dirishani.

Alipomaliza alimwaga jivu, akakipangusa chetezo kwa ncha ya leso, akakirudisha juu ya kile kikaratasi.

"Na nikijaliwa binti, mama?" nilimuuliza njiani.

"Utamleta hapa," alisema, na hapo ndipo alipolia.