Sufuria Nilizozimwaga Bangwe

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Ujiji, nilikabidhiwa koti jeupe lililonizidi mabega na ndoo ya klorini, dawa ya kuulia vijidudu vya maji. Mkuu wangu alikuwa mkaguzi wa afya wa zamani, mtu wa maneno machache. Alinipeleka kwa mama lishe, akafunua sufuria, akanisogeza mpaka mvuke ukanichoma pua. "Kwenye chakula cha moto namna hii kipindupindu hakikai," akasema. "Mengine ukiyasahau, hili usilisahau."

Nilihamishiwa sokoni Mwanga, nikajifunza kukagua nyama na kuandika vibali. Mimi ni mwanamke, lakini watu waliniita Bwana Afya kama walivyowaita wenzangu wote, nami niliona fahari. Nilipopita, watu walinawa mikono haraka haraka. Nilidhani hiyo ni heshima.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Bangwe, ufukweni mwa ziwa. Pale wapo wachukuzi wanaoshusha magunia kwenye maboti, na wanawake wanaogeuza dagaa juani. Wachukuzi wengi walitoka vijiji vya mbali vya Kasulu, wakilala sita sita katika chumba kimoja mtaa wa Buzebazeba, hawana jiko wala sufuria. Walikula mara moja kwa siku, mchana, kwa Mama Zaituni: ugali wa muhogo na maharage, na siku njema samaki, mgebuka.

Mvua zilipokuja na kipindupindu, mkuu wangu wa wakati huo alitoa amri: chakula cha kupikwa marufuku ufukweni kote. Nilikwenda nayo mkononi. Mama Zaituni alikuwa ndiyo kwanza ameipua. Maharage yalikuwa yanatokota, mvuke umejaa kibandani. Nikayamwaga mchangani, sufuria ya kwanza na ya pili, wachukuzi wamesimama na sahani zao.

Mmoja wao, Bukuru, hakupandisha sauti. "Mwakeye, Bwana Afya," alinisalimu kwanza, kwa Kiha. "Sasa sisi tule wapi?"

"Kaleni nyumbani kwenu."

"Nyumbani ni Kasulu."

Nikabandika tangazo, nikaondoka.

Baadaye ukaja msaada wa unga na maharage, ukagawiwa kwa kaya. Kaya, kwa lugha yetu ya ofisini, ni watu wanaokula chungu kimoja chini ya mkuu mmoja. Nilipopeleka majina ya wachukuzi yalikatwa yote, kwa sababu chumba chao hakina mkuu wala chungu. Chungu chao kilikuwa cha Mama Zaituni.

Ndipo nikapata akili, nimechelewa. Nilimwomba mkuu wangu amruhusu Mama Zaituni apike, nami nisimame pale na klorini, kila mtu anawe, ale chakula cha moto.

"Nikiruhusu sufuria moja, wengine nitawakatalia vipi?" akauliza.

"Na wachukuzi, mkuu?"

"Hao si wakazi."

"Sawa, mkuu," nikasema. Nilikuwa na miaka mingi kazini kuliko yeye, na nikasema sawa.

Wachukuzi waliendelea kubeba magunia. Walikula muhogo mbichi waliouosha ziwani, maana ndio uliokuwepo. Siku ya nne baada ya ombi langu wenzake walimleta Bukuru kambi ya wagonjwa kwa mkokoteni wao wa kazi, macho yamedidimia. Chupa ya pili ya dripu haikuisha. Fomu ya kifo niliijaza mimi, kwa mkono wangu. Penye chanzo nikaandika: chakula kisicho salama. Hapakuwa na nafasi ya kueleza kwamba kilicho salama nilikimwaga mimi.

Vijana wa afya huja kuniuliza siri ya kazi. Sina. Nasikia bado wanaandikisha kwa kaya, na wachukuzi bado wanalala sita sita. Ugonjwa ukirudi kesho, mambo yatakuwa yale yale.

Mwezi uliopita nilipita Bangwe na mkongojo wangu. Mama Zaituni amezeeka, bado anapika. Aliponiona alikamata mfuniko, akafunika sufuria, akaukandamiza kwa kiganja. Wachukuzi wakaacha kula.

"Nimestaafu, Mama Zaituni," nikamwambia.

"Najua, Bwana Afya," akajibu kwa upole. Mkono hakuuondoa juu ya mfuniko mpaka nilipopita.