Kioo Cheusi Siku ya Posa, Koboko

Nawaambia ninyi tu, na mkicheka chekeni polepole, maana mpaka leo nikipita Koboko nateremsha kofia usoni. Mimi, fundi kompyuta wa Arua mjini, mwenye bango la "Hakuna Kisichotengenezeka" (nimeshaling'oa, msilitafute), niliharibu kompyuta ukweni siku ya posa yangu mwenyewe.

Tulitoka Arua asubuhi, mimi na wazee wanne, baba mdogo Juma akiwa ndiye msemaji. Mnajua kwetu Wanubi kijana anayeposa siku hiyo hana mdomo: unakaa mkekani, macho chini, wazee wanasema. Kazi yangu yote ilikuwa hiyo, kukaa, na hiyo ndiyo iliyonishinda.

Baba yake Zaituni, binti niliyekuwa naposa, alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo walii wake ni kaka yake mkubwa, Abdu, fundi wa majenereta Juba. Yeye ndiye wa kusema ndiyo au hapana, na ilipangwa aseme kwa video, wazee wote wakimwona, kabla ya saa tisa, kwa sababu saa tisa anaondoka kwenda porini kusiko na mtandao. Sebuleni wakawa wameweka kompyuta ya mezani, ya Linux, ule mfumo wa bure ambao mtu anaweza kuufungua na kuurekebisha mwenyewe. Ilikuwa inafanya kazi. Narudia kwa aibu: ilikuwa inafanya kazi. Ila picha ikisogea ilikatikakatika kidogo hapo katikati, na mimi nikajiambia, hapa ndipo watajua binti yao anapata mtu.

Nikanyanyuka. Baba mdogo akanivuta kanzu, nikaichomoa mkononi mwake. Nikamwambia mzee Khamis, mjomba wake Zaituni na mwenye nyumba, kwamba hiyo ni draiva tu, programu inayoongoza kadi ya picha, dakika tano imekwisha. Modemu yao nikaona inachelewa, nikaunganisha simu yangu, nikapakua draiva mpya kuliko zote, bila kutazama kwamba kadi yenyewe ni ya zamani na hiyo mpya haiijui kabisa. Nikazima, nikawasha. Kioo kikawa cheusi tii.

Dakika tano zikawa saa nzima, nazima nawasha, nazima nawasha, mpaka nikafungua boksi, nikachomoa kadi, nikaipuliza, vumbi likatua kwenye sinia la gurusa, mikate yetu myembamba, na mchuzi lililokuwa linatusubiri. Mtu akasema basi apigiwe video kwa simu. Simu gani? Bando langu lote lilikuwa limeliwa na draiva na kununua jingine kukakataa, simu za wazee ni za vitufe, na ya Zaituni ilikuwa Arua, mezani kwangu, nimeifungua kioo wiki mbili zimepita.

Mzee Khamis akatazama saa ya ukutani. "Kijana, ulikuja kuomba mutu ama kuharibu kompyuta? Sasa iko saa nane na nusu."

Baba mdogo alikuwa ameinamisha kichwa, na hilo liliniuma kuliko maneno ya mzee.

Ndipo shangazi yake Zaituni akatoka chumba cha ndani na kikaratasi. Zaituni, ambaye kwa desturi hatoki mpaka aitwe, alikuwa anasikia kila kitu nyuma ya pazia na ndiye aliyekiandika, na kumbe kompyuta ni yake, Linux aliiweka yeye, hata kadi alinunua yeye, ya mtumba. Sikuwahi kumwuliza. Mwaka mzima wa kufahamiana, aliyekuwa anaongea ni mimi.

Na badala ya kusoma kimya, nikasoma kwa sauti, ili wazee wadhani ni mambo tuliyoshauriana. "Bonyeza Control, Alt na F3." Nikabonyeza, maandishi yakatokea. "Ondoa draiva mpya yote. Rudisha ile ya kwanza. Zima, uwashe." Nikafanya, na picha ikarudi, inakatikakatika vilevile, na sijawahi kuona picha nzuri kama ile. Mstari wa mwisho nikausoma kwa sauti ileile ya kifundi kabla akili haijanifikia.

"Halafu kaa chini, unyamaze."

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Nikakaa.

Abdu alipatikana zimebaki dakika tatu, mkoba uko begani. Akauliza, "Ni huyu iliharibu kompyuta ya dada yangu?" Mzee Khamis akajibu ndiyo, ni huyu. Abdu akasema mutu hajulikani kwa dakika tatu, akitoka porini turudi tena, na akakata.

Wazee wanne walirudi Arua bila jibu kwa sababu ya kiherehere changu. Mwezi uliofuata tukarudi Koboko, nikakaa mkekani mpaka mguu ukafa ganzi, picha inakatika mbele ya macho yangu, sikuinua kidole. Abdu akasema ndiyo.

Kile kikaratasi bado kipo. Zaituni amekibandika dukani kwangu, palepale lilipokuwa bango, na wateja wakiingia wanakisoma kabla ya kunisalimia.