Ini Lililotoka Barafuni

Somoe Hemedi hawezi kukaa. Katika maabara ya chuo kimoja mjini Mtwara, anakofanya kazi ya ufundi, kiti chake hutumika zaidi kutundikia koti. Alizaliwa Nanyamba, kwa wakulima wa korosho, na mama yake alizoea kumfukuza jikoni kwa sababu alifunua chungu kila mara kutazama kama muhogo umeiva.

Ijumaa hiyo alikuwa na ini moja tu la mbuzi. Gari la kuirudisha Dar es Salaam pampu yake, mashine ya kusukuma maji ndani ya ini, lilikwisha egeshwa nje. Mkuu wa maabara alikuwa amesema wazi: ini hili lisipoamka, pampu inaondoka.

Kulipata kulikuwa na maneno. Machinjioni, mkaguzi wa nyama hulichana kila ini kutafuta minyoo.

"Dada, ini zima hivi unampelekea mganga?" Faraji, mchinjaji, alimtania.

"Naipelekea pampu. Niachie mshipa mrefu wa kuunganishia mrija, kaka."

Mkaguzi alikubali lisichanwe, kwa sharti kwamba lisiliwe.

Ini lililolazwa kwenye barafu halijafa, ila limemaliza akiba yake ya nishati. Somoe hulirudishia nguvu kwa kulipitishia maji maalumu yenye oksijeni. Mara mbili alishindwa kwa kosa lilelile: alipandisha joto upesi. Ini likaanza kazi kabla halijapata nguvu, likavimba, likawa gumu. Safari hii lilipaswa kushiba oksijeni kwanza, likiwa bado baridi.

Mkono wake ulikwenda kwenye kitufe cha joto. Elia, fundi mwenzake, akavuta kiti akakaa mbele ya mashine.

"Ondoka, Elia."

"Siondoki. Yale mawili uliyapika wewe."

"Kidogo tu."

"Hata kidogo. Nenda kafagie."

Akafagia. Akaosha chupa zilizokwisha oshwa. Akaenda dirishani, akamwona dereva anafungua mlango wa nyuma wa gari. Akarudi.

Hatimaye Elia akaanza kupandisha joto, polepole. Asidi ambayo ini lilikuwa limeimwaga kwenye yale maji ikapungua. Ini lilikuwa linaitumia. Kisha nyongo ikachungulia kwenye mrija mwembamba, ya manjano, nzito: ini limeamka.

Mkuu wa maabara aliingia, akainama, akaitazama, akatoka kumwambia dereva arudi bila mzigo.

"Unakwenda wapi tena?" Elia aliuliza.

Somoe alikuwa anavaa mabuti ya machinjioni. "Moja halithibitishi kitu," alisema.