Siku Maximilla Alipoipaka Shule Bluu

Maximilla Ndayikeza alikuwa na kicheko kinachomtangulia njiani. Kabla hujamwona akikata kona ya zahanati na sufuria yake kichwani, ulishamsikia. Alikuwa mpishi wa uji katika shule moja ya msingi kata ya Kumsenga, mjane wa miaka hamsini na tatu. Aliingia Tanzania mgongoni mwa mama yake wakitokea Burundi, akakulia huku, akalima huku, akaolewa huku, akapata uraia huku, na huku huku akapoteza nusu ya kidole cha shahada kwa panga, siku aliyokuwa anakata mkungu wa ndizi huku akimsimulia jirani kisa cha kuchekesha.

"Kidole kilikwenda," alikuwa akisema akiulizwa, "lakini kisa nilikimaliza."

Watoto walimwita Bibi Uji.

Mwaka huo mvua zilipokolea, darasa la kwanza lilianza kupungua. Jumatatu watoto wanane hawakuja, Jumatano kumi na tisa. Wote ni tumbo. Mwalimu wao, Elieth, binti aliyepangiwa kazi huku akitokea Tanga, alikuwa amefundisha usafi hadi sauti ikamkauka. Na watoto walijua. Ukiwauliza wananawa mikono lini, walikujibu kwa pamoja mpaka mabati yakatikisika: "Kabla ya kula na baada ya kutoka chooni!" Kisha walitoka chooni wakaja mbio kwenye uji, wakiyapita madumu ya kunawia aliyoyaning'iniza mwenyewe kwa kamba na vijiti vya kukanyagia, utadhani wanapita nguzo za umeme.

Siku moja Elieth aliingia jikoni, akakaa juu ya gogo la kuni, machozi yakimlengalenga.

"Mama, wameelewa kila kitu. Ila hawafanyi."

"Hawajaelewa, mwalimu wangu," Maximilla alisema bila kuacha kukoroga. "Umewaambia mikononi kuna wadudu. Wameangalia mikono yao, hawakuona mdudu. Kwao wewe unawatania."

"Sasa mama, nitawaonyesha wapi? Hata darubini hatuna."

Maximilla alitupa macho nje, kwenye kamba alikoanika vitambaa vyake vya kichwa, vyeupe pee kwa ile bluu ya kufulia nguo. Alianza kucheka kabla hata hajasema anachocheka, na Elieth, ambaye hakujua lolote, akajikuta anacheka naye.

Kesho yake asubuhi Maximilla alikuja na pakiti nzima ya bluu. Aliichanganya na mafuta ya alizeti kwenye kikombe hadi ikawa nzito kama mafuta ya kujipaka, kisha akamwita Irakoze. Huyu alikuwa mtoto wa darasa la kwanza asiyeweza kukiona kitu bila kukigusa: ukuta, mkia wa mbuzi, sikio la mwenzake, vyote vilikuwa vyake.

"Irakoze, leo wewe ndiye mdudu."

Mtoto akatoa macho. "Mdudu gani, bibi?"

"Mdudu wa tumbo. Cheza kama siku zote. Ila usimwambie mtu, hata mama yako."

Akampaka viganja vyote viwili. Irakoze aliviangalia, akavuta pumzi kama mtu aliyekabidhiwa serikali, akatoka mbio. Maximilla akamwagia mikono yake maji, akaifuta kwenye kitenge, akarudi kwenye sufuria.

Saa moja na nusu, mlango wa darasa la kwanza ulikuwa na bluu. Saa mbili, madawati yalikuwa nayo. Saa mbili na nusu wavulana watatu walikuwa wamepigana na kupatana, na kila mmoja alikuwa na masharubu ya bluu. Saa tatu Elieth alimtuma Irakoze apeleke daftari la mahudhurio ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Sasa, Mwalimu Mkuu Theonest alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi hadi mikono ina makali, na alikuwa na tabia ya kushika pua akiwaza. Siku hiyo alikuwa na mambo mengi ya kuwaza.

Kengele ya uji ilipogongwa saa nne, watoto walimiminika uwanjani, wakatazamana, na kelele zikaanza. Huyu ana bluu mdomoni! Yule anayo shingoni! Mbuzi wa jirani alipita akiwa na mkia wa bluu. Hapo Theonest akatoka ofisini, pua ya bluu, sikio moja la bluu, uso umekunjwa.

"Kuna nini cha kuchekesha hapa?"

Watoto mia mbili walikaa chini kwa pamoja. Si kwa heshima. Kicheko kiliwaangusha. Elieth alijifunika uso kwa daftari, mabega yakimtetemeka.

Maximilla alipanda juu ya kigoda na kupiga mwiko kwenye mfuniko wa sufuria.

"Wanangu, nani ana bluu?"

Mikono ikapanda kila upande.

"Nani amempa Irakoze mkono leo?"

Ikabaki mikono mitano.

"Haya. Mimi nimempaka Irakoze peke yake. Ninyi wengine mmeipata wapi?" Watoto wakatazama viganja vyao. "Hiyo ni bluu, mnaiona. Mdudu wa tumbo anatembea hivyo hivyo, ila yeye havai rangi. Wewe Tamimu, bluu iko wapi?"

Tamimu alijigusa midomo. "Mdomoni, bibi."

"Ingekuwa ni mdudu?"

Mtoto alifikiri, kisha uso ukambadilika. "Nimeshamla!"

Ukazuka ukelele ambao haujawahi kusikika pale. Watoto wakayavamia madumu ya maji, wakikanyaga vijiti kwa miguu miwili. Wakasugua, wakasugua, na bluu, badala ya kutoka, ikapanda hadi kwenye viwiko.

"Haitoki, bibi! Haitoki!"

"Maji matupu yanaitembeza tu," Maximilla alisema, na kutoa kapuni vipande vya sabuni ya mawese alivyokata nyumbani kwake. "Viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, chini ya kucha. Mwalimu Mkuu, na wewe pita mstarini, mzee wangu."

Theonest alipita mstarini. Alikuwa amejiona kwenye kioo cha dirisha, na ukali wote wa ukubwa ulikuwa umemtoka. Alinawa uso huku akicheka hadi akakohoa.

Uji ulipoanza kugawiwa, Venanti, mlinzi wa getini, alikuja na kikombe chake kama kawaida. Alikuwa mgane kutoka Makere, mtaratibu, mwenye haya kuliko watoto wa kike wa darasa la saba. Irakoze, ambaye sasa hakuna kilichompita, alizunguka nyuma yake, akapiga yowe.

"Babu ana mkono mgongoni!"

Kweli. Nyuma ya bega la shati lake la kaki kulikuwa na alama ya kiganja kizima cha mtu mzima, bluu, vidole vimetandaa. Vidole vinne na nusu.

Watoto walivihesabu. Wakavihesabu tena. Kisha vichwa mia mbili vikageuka, polepole, kumwelekea Maximilla.

"Mana yanje! Mungu wangu!" alisema Maximilla. Aliangalia kiganja chake. Chini ya kucha na kwenye mikunjo, bluu bado ilikuwepo. Mwanamke aliyekuja kuifundisha shule nzima kunawa alikuwa amenawa kwa maji matupu. "Nilimtoa kiwavi tu! Alikuwa na kiwavi begani, asubuhi, nilipofuata kuni pale getini."

"Kiwavi alikuwa mkubwa, bibi?" Tamimu aliuliza kwa nia njema kabisa.

Venanti aliangalia uji wake. Halafu akasema kwa sauti ndogo, lakini uwanja wote ulisikia:

"Hakukuwa na kiwavi."

Maximilla, mwenye kicheko cha kusikika kona ya zahanati, alikosa kicheko. Alishika mwiko kwa mikono miwili, uso umemwiva, na kwa mara ya kwanza tangu amzike mumewe, miaka tisa, aliona haya kama msichana. Elieth alilazimika kumalizia kugawa uji.

Wiki iliyofuata akina mama wawili walikuja shuleni kulalamika. Watoto wao walikuwa hawagusi ugali hadi kila mtu anawe kwa sabuni, na mama mkwe wa mmoja wao, Bibi Niyubahwe, mwenye miaka themanini, alikuwa amerudishwa kunawa mara tatu kwa ajili ya kucha. Elieth aliwasikiliza kwa adabu, akafunua daftari la mahudhurio na kuwaonyesha. Aliyekosekana alikuwa mmoja, naye aliumwa jino. Mama mmoja alicheka, akauliza sabuni ile ya mawese inapikwaje.

Na Venanti? Jumapili ya tatu alivaa shati jipya, akapanda basi hadi Kasulu kwa Ndihokubwayo, kaka yake Maximilla. Maximilla alitangulia, akajifungia jikoni na wifi zake, sikio mlangoni. Venanti alikaribishwa, akapewa kiti, akasema shida yake kwa kusitasita. Kaka mtu alisogeza kiti chake karibu.

"Sawa, bwana. Kwa dada yangu umeona nini?"

Venanti alitokwa jasho. Maneno yote aliyojipangia ndani ya basi yalikuwa yamepotea.

"Uji," alisema.

"Uji?"

"Hauna hata donge moja, shemeji."

Jikoni kulianguka kitu, sufuria au mtu, na kicheko cha Maximilla kikatoka kupitia mlango, dirisha na mwanya wa bati, kikajaa uani. Ndihokubwayo alijikaza kidogo kwa ajili ya heshima ya shughuli, akashindwa, akacheka hadi akashika ubavu. Alipopata pumzi alimpa Venanti mkono, na kabla jua halijageuka walikuwa wamekubaliana harusi iwe baada ya kuvuna maharage.